Somo la Kumi na Mbili: Kabla ya Kumwita Fundi wa Dishi

Soma kwanza maneno haya: dishi, setilaiti, mawimbi, king'amuzi, kifungio, ubora.

Siku hizi madishi ya televisheni yanaonekana hata vijijini. Kwa televisheni tunapata habari, utabiri wa hali ya hewa na mafunzo ya kilimo. Lakini picha ikiharibika, wengi wetu hupanda juu ya bati na kuzungusha dishi ovyo. Wengine humwita fundi na kulipa chochote anachodai. Mtu anaweza kuuza mbuzi ili anunue dishi jipya, kumbe ni waya tu uliolegea. Ndugu msomaji, ukiijua njia ya mawimbi, utaweza kuutafuta ubovu mwenyewe.

Njia ya mawimbi

Setilaiti ni chombo kilichorushwa angani. Kipo juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Kinazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu ni kama kimesimama mahali pamoja. Ndiyo maana dishi hufungwa likatazama upande mmoja tu. Dishi hukusanya mawimbi na kuyapeleka kwenye kichwa kilicho mbele yake. Kutoka hapo mawimbi hupita katika waya mpaka kwenye king'amuzi. King'amuzi huyageuza kuwa picha na sauti, kisha huzipeleka kwenye televisheni.

Njia hii ni kama mfereji wa shamba. Maji yasipofika kwenye mboga, hatubomoi bwawa. Tunaufuata mfereji mpaka tupaone palipoziba.

Jiulize kwanza

1. Je, ni stesheni moja tu iliyoharibika? Kama nyingine ni nzima, mara nyingi ubovu uko huko huko kwenye stesheni. Subiri.

2. Je, jirani mwenye king'amuzi cha kampuni hiyo hiyo anapata picha? Kama naye hapati, ubovu hauko nyumbani kwako.

3. Je, kuna maandishi kwenye kioo? Yasome. Kama malipo yamekwisha, usiguse dishi. Lipia.

4. Je, mvua kubwa inanyesha? Mvua hupunguza nguvu ya mawimbi. Ikipungua, picha itarudi. Pia mwezi Machi na Septemba, kwa siku chache, jua hupita nyuma ya setilaiti. Picha hupotea mchana kwa dakika chache, kisha hurudi yenyewe.

Picha inapoganda

Televisheni za zamani zilionyesha chenga mawimbi yalipopungua. Mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Matangazo ya kidijiti hayana chenga. Picha huwa safi mpaka mawimbi yapungue mno. Hapo ndipo hukatika vipande vipande na kuganda. Kwa hiyo, kama picha hupotea kila manyunyu yanapoanguka, huenda dishi limehama kidogo, hata kama siku ya jua picha ni safi.

Fanya hivi:

Kwanza, litazame dishi ukiwa chini. Je, limeinama? Je, lina maji au majani? Je, tawi la mwembe limekua mbele yake?

Pili, fungua mahali pa marekebisho katika king'amuzi. Utaona mistari miwili. Mmoja ni wa nguvu ya mawimbi, wa pili ni wa ubora. Kama nguvu ipo na ubora hakuna, mara nyingi dishi limehama au limezibwa. Lilinganishe na dishi la jirani wa kampuni hiyo hiyo. Yanapaswa kutazama upande mmoja. Kama vyote viwili hakuna, kagua waya.

Tatu, chomoa king'amuzi kwenye umeme, kisha fungua kifungio cha waya. Uzi wa shaba wa katikati uwe safi. Ukiwa na kutu ya kijani, maji yameingia. Kata sehemu hiyo, funga upya, kaza kwa mkono. Nyuzi ndogo za nje zisiguse uzi wa katikati.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Sauti inapopotea

Sauti ikikatika pamoja na picha, rudi kwenye dishi na waya, kwa sababu vyote huja kwa mawimbi yale yale. Kama picha ni nzuri na sauti hakuna, tazama kama sauti imezimwa kwa rimoti. Kisha ongeza sauti ya king'amuzi na ya televisheni pia. Kama unatumia nyaya za rangi tatu, ule wa njano ni wa picha. Mwekundu na mweupe ni za sauti. Zichomoe hizo mbili, zifute, zirudishe kwenye matundu ya rangi zake.

Jihadhari

Usipande juu ya nyumba wakati wa mvua au radi. Ukiona wingu la radi linakuja, chomoa vyombo mapema. Radi ikishaanza, usiguse waya wa dishi. Usifungue televisheni kwa ndani. Televisheni ya kichogo huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Picha ya jioni moja haina thamani ya uhai wa mtu.

Ukishindwa, mwite fundi. Mweleze ulichokiona na ulichojaribu. Kabla ya kulipa, akuonyeshe kilichoharibika. Mtu anayejua kueleza ubovu hadanganywi kwa urahisi.

Maswali

1. Taja njia ya mawimbi kutoka angani mpaka kwenye televisheni.
2. Nguvu ipo, ubora hakuna. Utakagua nini?
3. Kwa nini tunachomoa king'amuzi kabla ya kufungua waya?

Kazi ya darasa: Andikeni pamoja mambo matano ya kumweleza fundi. Bandikeni karatasi hiyo ukutani.