Kumkiri Kristo Mbele ya Wenzi wa Kazi

Katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani, waamini hukusanyika siku ya Dominika, na nyimbo zao husikika hata barabarani. Jumatatu asubuhi waamini walewale hutawanyika: huyu huenda kujenga nyumba za watu, yule kuuza sokoni, huyu hungoja abiria juu ya pikipiki au baisikeli yake ya toleka, yule huingia ofisini au darasani. Hapo ndipo jambo la ajabu huonekana. Mtu aliyeimba jana kwa sauti kuu, leo akiwekewa sahani yake mbele ya wenzake, hutazama huku na huku, kisha hupitisha mkono kifuani kama anayefukuza nzi, wala hakuna awezaye kusema kama ile ilikuwa ishara ya Msalaba. Rozari yake hulala chini kabisa ya mfuko. Akiulizwa alikuwa wapi jana asubuhi, hujibu kwamba alikwenda kutembea.

Je, mtu huyu amepoteza imani? Sivyo. Angeamriwa kuikana, angekataa kwa hasira. Kinachomshika si ukafiri bali ni haya. Wazee huisifu haya, nao wana haki, kwa kuwa haya njema humzuia mtu asitende baya mbele ya watu. Lakini hii nyingine humzuia asitende jema, nayo ni hatari zaidi kwa sababu huvaa nguo za adabu.

Mtume Petro aliijua. Kule bustanini alichomoa upanga mbele ya kundi lenye silaha. Usiku uleule, uani kwa Kuhani Mkuu, alishindwa na maneno ya kijakazi, huku watumishi wakiota moto. Hakuna aliyemwekea upanga shingoni. Aliogopa macho ya watu waliokaa karibu naye. Basi ushujaa wa vita ni kitu kimoja, na ushujaa wa kuota moto pamoja na wenzi ni kitu kingine.

Haya hiyo hutoka wapi? Wengine huogopa kuchekwa na kupewa jina la mzaha. Wengine hawajui wajibu nini wakiulizwa na rafiki Mwislamu, au Mprotestanti, au Mkimbangu. Dawa ya hawa ni kurudi kwenye katekisimu, wala si ngumu. Lakini wengi hunyamaza kwa sababu wenzao wanawajua mno: walimwona amelewa, walimsikia akitukana, wanajua deni asilolipa. Huyu dhamiri yake inasema kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba maneno matakatifu hayakai vizuri kinywani mwa mdanganyifu. Hata hivyo hakuamriwa anyamaze. Ameamriwa aungame, alipe deni lake, ndipo aseme. Na mwenzi aliyemwona akilipa amekwisha kusikia nusu ya mahubiri.

Nchi ya Kongo ina mfano ulio wazi kuliko mingine yote, nao ni wa mtu wa kazi za mikono. Mwenyeheri Isidore Bakanja alikuwa kijana aliyekwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Huko alipata mafundisho ya dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapokea skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Baadaye alichukuliwa kuwa mtumishi wa nyumbani kwa wakala wa kampuni ya Wabelgiji, akafika Ikili, mahali pasipokuwa na padri wala kanisa. Hakuwa mwalimu wa kutumwa. Alisali, na wenzake walipotaka kujua, aliwafundisha sala.

Baadhi ya mawakala wa huko waliwachukia wamisionari, na kila aliyeshika dini walimwita kwa dharau "mon père", yaani padri. Tazama jinsi mzaha ule usivyozeeka: hata leo fundi mwenye kusali huitwa padri na wenziwe. Msimamizi wa shamba alimkataza Bakanja kufundisha, akamwamuru aivue skapulari. Hakuivua. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa jeraha moja. Majeraha yalioza. Akiugua hivyo kwa miezi mingi, aliwaambia mapadre waliomjia kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba atamwombea mbinguni. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Watu hukumbuka mjeledi wake, na ndivyo ipasavyo. Lakini ni vema kukumbuka pia siku zile za kabla ya mjeledi. Yeye asiyethubutu kusali mbele ya wenzi wakati wa amani, atapata wapi nguvu siku ya mateso?

Kazi hii ni ya walei kwa haki yao, wala si ya kumsaidia padri tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyo katika hati juu ya utume wa walei, mwaka 1965. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha JOC, alishika zamani neno lilelile: mtume wa mfanyakazi ni mfanyakazi mwenzake.

Lakini wenye bidii nao waonywe. Mtaguso huohuo ulikataza kumlazimisha mtu katika mambo ya imani. Basi mkubwa wa kazi asitumie ukubwa wake kuwavuta walio chini yake. Wala saa ya kazi isiibwe kwa ajili ya mahubiri. Mwashi anayehubiri huku ukuta wake umepinda, ukuta humsuta.

Pengine ushuhuda wenyewe ni kazi. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa mjini Goma. Alikataa rushwa, hakuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu, akauawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma mwezi wa Juni 2025.

Mwenye haya na aanze kwa kidogo. Afanye ishara ya Msalaba taratibu, ionekane kuwa ni Msalaba. Akiulizwa juu ya Dominika, ajibu kwamba alikuwa Misani, kisha asiongeze neno mpaka aulizwe tena. Na mwenzi akifiwa, asingoje padri afike: aende msibani, aketi naye, na mfiwa akikubali, wasali Baba Yetu palepale, kwa Kiswahili au Kilingala, kwa lugha ile aliyoizoea mwenye kulia.