SOMO LA BUSTANI: UA LA KALA NA MAGIMBI

Ndugu wafanyakazi, safari hii somo letu ni la bustani ya mlangoni. Sisi tunaokaa kwenye laini za mashamba ya milimani tunalifahamu ua jeupe lililojikunja kama karatasi ya kuuzia karanga, lenye kidole cha manjano katikati. Ndilo kala. Asili yake ni Afrika ya Kusini na Lesotho, sehemu za majimaji. Ule weupe si ua hasa, ni jani lililogeuka. Maua yenyewe ni madogo sana, yamebanana juu ya kile kidole.

Kwa kuwa hupenda maji, ipande pale maji ya bomba yanapomwagikia, mahali ambapo maharage hayastawi. Chukua kipande cha kiazi chenye chipukizi, kifukie sentimita 10, na uache sentimita 40 kati ya mmea na mmea. Samadi iwe iliyooza, tena kidogo, maana ikizidi utapata majani makubwa bila maua. Kala za rangi, za manjano na za waridi, ni habari nyingine: hizo zikikaa majini huoza. Mmea ukinuka vibaya shinani, ung'oe uutupe mbali, wala usipande kala nyingine katika shimo lile. Ua huvunwa kwa kuvuta bua taratibu kutoka chini, na ndani ya maji hudumu wiki moja au zaidi. Wenye arusi huyapenda.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike. Hapo hapo penye maji ndipo akina mama wanapopanda magimbi, ambayo wengine huita nduma, Uganda mayuni, Rwanda amateke. Mimea hii ni ya ukoo mmoja na hufanana. Lakini kala ni sumu, kuanzia jani hadi kiazi. Ina chembe zilizochongoka kama sindano, huchoma ulimi na kuuvimbisha. Magimbi nayo huwasha yakiwa mabichi, ndiyo sababu tunayachemsha sana. Kala hata ikichemshwa si chakula.

Geuza jani utazame. Bua la gimbi hushika jani kwa chini, ndani kidogo ya ukingo; bua la kala hushika pale pale kwenye pengo la ukingoni. Ila nani atageuza majani saa moja jioni, katoka kazini amechoka, na giza limeshaingia? Nimeona laini ambako vyote viwili vimepandwa mstari mmoja. Tenganisheni: magimbi upande wa jikoni, kala upande wa mbele, na mbuzi wasifike.

Mtoto akitafuna kala, mtoeni mabaki mdomoni, asukutue, apewe maji au maziwa anywe kidogo kidogo. Msimtapishe. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, mkimbizeni zahanati saa ile ile, na mchukue jani moja mkamwonyeshe mganga.