Kizazi Kinaposhuka: Kaza Kwanza, Ndipo Ujitwishe

Dalili

Uzito sehemu za chini, uvimbe ukeni, mkojo kuponyoka ukikohoa: usingoje, njoo kituo cha afya upimwe.

Kaza kwanza

Kizazi hakishuki kwa sababu ya uzazi peke yake. Wanawake 1,047 wa vijijini Kilimanjaro walipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na zaidi ya sita katika kila kumi walikutwa na mshuko wa daraja la pili au zaidi. Kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi vilitajwa miongoni mwa visababishi. Hapa kisiwani Mafia hatuna mlima, lakini tuna ndoo za maji, viroba vya mwani mbichi na nazi za kukusanya. Kinachonisumbua kuliko vyote ni namna mzigo unavyonyanyuliwa: mama anachuchumaa peke yake, anabana pumzi, anajitwisha, na nguvu yote inakwenda chini. Usijitwishe umebana pumzi. Kaza kwanza misuli ya chini, toa pumzi, ndipo unyanyue. Hata chafya ikikujia, kaza kwanza.

Zoezi

Lala chali, kunja magoti. Kaza kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta kwa ndani kwenda juu, hesabu hadi tano, legeza, pumzika kiasi hicho hicho. Mara kumi, kutwa mara tatu. Anayeswali alifanye baada ya Alfajiri, Adhuhuri na Isha. Matako yasikaze, pumzi isibanwe.

Wanaopinga

Wako wanaosema kazi za shamba ni mazoezi tosha. Hazitoshi: mzigo huimarisha mikono na mgongo, ila misuli ya chini husukumwa tu bila kufundishwa kukaza. Wengine hujaribu wiki mbili, wakaacha. Jipe miezi minne. Katika utafiti wa mwaka 2014 wa wanawake 447 wa Uingereza, Nyuzilandi na Australia, waliofundishwa zoezi hili na mtaalamu, kwa vikao vitano ndani ya wiki 16, walikuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa kijitabu tu. Basi hata kijitabu hiki hakitoshi. Mwombe mkunga ahakikishe unakaza panapotakiwa. Na wanaotaka operesheni? Kizazi kilichotoka nje kabisa zoezi halikirudishi. Hapo kuna pete ya kukitegemeza, au operesheni yenyewe. Lakini aliyepasuliwa akarudia kujitwisha amebana pumzi, huenda kikashuka tena.

Hatari

Damu, uchafu wenye harufu, kidonda kwenye nyama iliyotoka, mkojo kugoma: nenda hospitali ya wilaya, Kilindoni, siku hiyo hiyo. Wa visiwa vya Jibondo, Juani na Chole, ondokeni mapema, msingoje giza. Usiingize ukeni mitishamba, chumvi wala kitambaa. Choo kigumu usikisukume. Kunywa maji, kula papai na mboga. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Mjamzito, na aliye ndani ya arobaini, asijitwishe kabisa.

Kwa waume na watoto

Mtwisheni mama. Maji ya ndoo ya lita 20 yagaweni mara mbili.