Ndugu Akizidiwa Nyumbani: Namna ya Kumfikisha Wodini

Kijana hajalala siku ya nne sasa. Anajibizana na sauti msizozisikia, chakula hagusi kwa kuwa anaamini kimetiwa sumu, na jana usiku alimtishia mama yake kwa panga. Au mzazi aliyejifungua juzi hataki kumshika mtoto, anasema si wake. Au baba mkimya ameanza kuaga watu na kugawa vitu vyake. Hali hizi hazifanani kwa sura, ila zote ni za kwenda hospitali leo, si baada ya mavuno wala kaka mkubwa akirudi safari.

Anzeni na hospitali iliyo karibu

Familia nyingi zikiona dalili hizi huwaza Mirembe moja kwa moja. Wanaanza kuchangishana nauli ya Dodoma, na wiki inapita. Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini mlango wa kwanza ni hospitali yenu ya wilaya au ya mkoa, na kama iko mbali, kituo cha afya. Nendeni hata kama hamna barua ya rufaa.

Hapo mgonjwa atatulizwa kwa dawa, kisha atapimwa. Vipimo hivyo ndivyo sababu kubwa ya kuanzia hapo. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, au kuacha ghafla pombe iliyozoeleka miaka mingi, vyote vinaweza kumfanya mtu aweweseke na kuona yasiyokuwepo, na vyote vinaweza kuua upesi. Anayezungushwa kwanza kwa waganga hupoteza saa zile ambazo angeokolewa. Hatusemi msiombe. Sheikh au mchungaji aje, tena amfuate mgonjwa hadi wodini. Tunachokikataa ni kumnyima chakula, kumchapa na kumfunga minyororo kwa jina la tiba.

Daktari akiona anahitaji kulazwa mahali penye wataalamu zaidi, atawaandikia rufaa. Mbali na Mirembe, wapo wataalamu wa magonjwa ya akili Muhimbili, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Ipo pia Lutindi, hospitali ya Kanisa la Kilutheri katika milima ya Korogwe, na Unguja ipo Kidongo Chekundu. Mwombeni daktari apige simu huko kabla hamjapanda gari, kwani vitanda hujaa.

Njiani

Aongee mtu mmoja tu, yule mgonjwa anayemwamini, kwa sauti ya chini. Wengine wanyamaze. Msimdanganye kwamba mnakwenda harusini. Akigundua, hatawaamini tena, na kesho mtamhitaji awaamini ili ameze dawa. Panga, dawa za kuulia wadudu shambani na vidonge vyote vifungiwe. Anayezungumzia kufa asiachwe peke yake hata chooni, na mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo.

Akishika silaha, tokeni nje na watoto, kisha mwiteni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na polisi. Waambieni tangu mwanzo kwamba huyu ni mgonjwa, anapelekwa hospitali.

Kamba ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kamba ya katani ikikazwa kwenye vifundo vya mikono kwa saa chache huzuia damu. Vidole huvimba, huwa vyeusi, na mtu aliyekuja kutibiwa akili huishia kukatwa mkono. Pikipiki nayo haifai, maana anaweza kuruka. Tafuteni gari, akae katikati ya ndugu wawili.

Nani amsindikize

Aende anayeishi naye, hata kama nauli imetolewa na mwingine. Daktari atauliza hali ilianza lini, analala vipi, anatumia pombe au bangi, aliwahi kulazwa wapi, na kama ni mwanamke, ana mimba au amejifungua. Bebeni pakiti za dawa alizokuwa anatumia, hata zilizo tupu.

Akikataa kulazwa ilhali ni hatari kwake au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe bila ridhaa yake, kwa utaratibu maalumu. Mwombeni daktari awaeleze utaratibu huo hatua kwa hatua, na mgonjwa naye aelezwe. Gharama zikiwashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla hamjauza ng'ombe.

Akiwa wodini

Baada ya sindano, wachache hupatwa na jambo linalotisha: shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito. Ndugu hudhani mashetani yamepanda, wakamtorosha usiku. Hayo ni madhara ya dawa, na yana dawa yake inayoyaondoa upesi. Mwiteni muuguzi mara moja.

Mtembeleeni. Wapo waliopata nafuu wakabaki wodini kwa sababu hakuna ndugu aliyekuja kuwachukua, na hilo linatuuma sana.

Siku ya kuruhusiwa, msitoke getini bila majina ya dawa yaliyoandikwa, tarehe ya kliniki, na jina la hospitali ya karibu na kwenu atakakokuwa akichukua dawa. Akisema amepona na hataki tena vidonge, mrudisheni kwa daktari, azungumze naye kabla hajaacha.