Chanzo cha Kelele katika Spika za Gari

Dereva asikiaye mlio au mkwaruzo katika redio ya gari kwa kawaida huilaumu spika. Hununua mpya, na kelele hurudi ile ile. Fedha hupotea bure, kwa kuwa spika hutoa tu kile iletewacho na waya. Kelele nyingi huanzia katika mfumo wa umeme wa gari, na kila chanzo kina mlio wake.

Barabara nyingi za vijijini katika Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012, ni za changarawe na udongo. Gari litokalo Mpanda na kuzipita kila siku hutikisika sana. Skrubu hulegea, vumbi la kiangazi huingia katika maungio ya waya, na unyevu wa masika huleta kutu mahali hapo hapo. Hivyo uchunguzi uanzie kwenye maungio.

Mlio upandao pamoja na injini

Altaneta huzalisha mkondo geu wa umeme. Diodi zake huugeuza kuwa mkondo mnyofu wa volti 14 hivi, lakini mawimbi madogo hubaki. Tuseme altaneta ina jozi 6 za ncha za sumaku na diodi 6, nayo huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa injini. Injini ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde, mawimbi yatakuwa:

20 × 2 × 6 × 6 = 1,440 kwa sekunde.

Sikio husikia mlio huo vizuri. Mwendo wa injini ukiongezeka maradufu, mawimbi huwa 2,880, na mlio hupanda.

Mawimbi hayo huingiaje katika redio? Umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari. Ungio lenye kutu huwa na ukinzani. Kwa Kanuni ya Ohm, mkondo ubadilikao kwa ampea 0.5 ukipita katika ukinzani wa omu 0.1, huleta badiliko la volti 0.05. Kiasi hicho ni kidogo kwa taa, lakini kikuza sauti hukikuza pamoja na muziki.

Mlio wa tiki-tiki

Katika injini ya petroli, kila cheche ya plagi hutoa mawimbi ya redio, ambayo hunaswa na antena. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mlio huo ukisikika humo, chanzo kitafutwe kwingine.

Majaribio

1. Injini izimwe, redio iachwe ikifanya kazi. Kelele ikiendelea, haitoki kwenye injini.
2. Injini iwashwe na mwendo wake ubadilishwe. Mlio ukipanda na kushuka nao, altaneta ichunguzwe pamoja na maungio ya bodi.
3. Antena ichomolewe. Kelele ikikoma, iliingia kwa njia ya antena.
4. Redio izimwe, kisha spika ya kulia na ya kushoto zibadilishane nafasi. Mkwaruzo ukihama pamoja na spika, hapo ndipo spika ina kosa. Ukibaki upande ule ule, kosa liko katika waya au redio.

Marekebisho

Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, na skrubu ikazwe. Waya za sauti zitenganishwe na waya nene za betri. Kitako cha antena kishikane vizuri na bodi. Mlio wa altaneta ukibaki, kapasita ya kuchuja mawimbi hufaa.

Tahadhari

Fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya: waya ukigusana na bodi, gari laweza kuungua. Betri isifunguliwe injini ikiwa inafanya kazi, kwani volti huruka ghafula na kuharibu diodi.

Maswali

1. Kokotoa mawimbi ya altaneta iliyotajwa, injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika.
2. Mkondo hubadilika kwa ampea 0.4 katika ungio la omu 0.2. Tafuta badiliko la volti.
3. Kwa nini jaribio la kwanza litangulie kununua kifaa chochote?