Kiti cha Diwani Kikiwa Wazi, Ni cha Nani?

Diwani akifa, au akijiuzulu, au akihama chama, kiti chake ni cha watu wa kata, au ni cha chama? Yafaa tulifikiri neno hili polepole, kwa maana katika Tanzania limekwisha kutenga hata watu wa nyumba moja.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Humo hunenwa habari za njia, za maji, za zahanati, na za darasa lisilo na paa. Naye huyachukua maneno hayo mpaka baraza la halmashauri, ambako fedha hugawanywa. Kata isiyo na diwani haina kinywa barazani. Tena madiwani ndio wamchaguao mwenyekiti wa halmashauri, au meya mjini. Basi mahali ambapo vyama vinakaribiana kwa hesabu, kiti kimoja chaweza kugeuza baraza zima. Ndiyo sababu wakubwa wa vyama hutoka mbali kuja kuhutubia kata ambayo siku nyingine hawaikumbuki.

Na sheria je? Sheria yaelekea upande wa chama. Mtu hawezi kugombea udiwani asipodhaminiwa na chama cha siasa, na diwani akiacha kuwa mwanachama, kwa kuhama au kwa kufukuzwa, kiti kimemtoka. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alishindana na katazo la wagombea wasio na chama kwa miaka mingi. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikahukumu kwamba katazo hilo lavunja haki. Hata hivyo sheria haikugeuzwa. Katika uchaguzi wa 2025 wagombea wote walisimama kwa vyama.

Sasa angalieni tunda lake. Katika mwaka 2017 madiwani kadhaa wa Chadema, hasa wa Arusha na Kilimanjaro, walijiuzulu wakaingia CCM, wakisema wamevutwa na kazi ya Rais Magufuli. Chadema kikasema wamenunuliwa, kikapeleka mashtaka TAKUKURU. Tarehe 26 Novemba mwaka ule kura zikapigwa katika kata 43: CCM kikapata 42, na Chadema kimoja tu, Ibighi katika Rungwe. Siku yenyewe ya kura Chadema kilijitoa katika kata kadhaa za Arumeru, kikilalamika kwamba watu wake wanapigwa. Tarehe 12 Agosti 2018 ilikuwa zamu ya kata nyingine zaidi ya 70, na katika nyingi za hizo watu hawakupiga kura kabisa, kwa maana mgombea alibaki mmoja.

Hatusemi kwamba kila ahamaye chama ana hila; mtu aweza kugeuka kwa moyo safi. Lakini mwenye moyo safi angewaendea kwanza waliompa kura, akawaeleza sababu, asiwaache wasikie habari zake redioni. Tena ni neno gumu kufahamu, mtu kukiacha kiti kwa hiari yake, kisha kurudi baada ya majuma machache kukiomba kiti kile kile, na gharama ya uchaguzi ikilipwa na fedha ya watu wote.

Mchezo huo ulifika hata Bungeni. Wabunge wa Kinondoni na Siha, waliojiuzulu Desemba 2017, walirudi kugombea majimbo yale yale kwa CCM tarehe 17 Februari 2018, nao wakashinda. Siku moja kabla ya kura hizo, wafuasi wa Chadema waliandamana Kinondoni kudai hati za mawakala wao, na polisi wakafyatua risasi kuwatawanya. Risasi ikampata mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, naye akafa. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji. Alikuwa abiria ndani ya daladala.