Panya wa Vuli na Bunduki ya Upepo

Mvua za vuli zinapokaribia, mkulima wa Morogoro au Pwani huwa na kazi mbili kwa mpigo: kuandaa shamba na kupambana na panya. Panya waliozaliwa baada ya masika wamepata kiangazi kizima cha kunenepa kwa masalia ya mavuno na mbegu za majani. Ifikapo Oktoba na Novemba idadi yao huwa kileleni, na hizo ndizo wiki ambazo mbegu ya mahindi inaingia ardhini. Ndipo maswali huanza kumiminika, na siku hizi lipo moja linalojirudia: ni bunduki gani ya upepo, nyepesi, inayofaa kuwekwa nyumbani kwa ajili ya panya?

Swali hilo linastahili jibu kamili kabla fedha haijatoka mfukoni, na jibu lenyewe linategemea panya anayesumbua ni yupi.

Panya wa paa, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus, ana mkia mrefu kuliko mwili wake na ni hodari wa kupanda. Hupita juu ya kenchi, hushuka ukutani usiku, huiba mayai bandani na kutoboa magunia ghalani. Panya shamba, Mastomys natalensis, ni mdogo zaidi, rangi yake ya kijivu na kahawia, hukaa kwenye mashimo ya shambani na vichakani, ingawa chakula kikipungua huko hufuata harufu ya ghala hadi ndani ya nyumba. Bunduki ya upepo inaweza kumfaa mtu dhidi ya yule wa kwanza, tena kwa kiasi. Dhidi ya wa pili haina nafasi.

Kwa mwenye banda la kuku au zizi lenye panya wachache wasiokubali mtego, mambo ya kuangalia ni haya. Anzia na sheria. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya 2015, Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki kutumia hewa badala ya baruti hakuifanyi kuwa kitu cha kuchezea. Mkulima aende kituo cha polisi, aeleze anachotaka kununua na apate jibu kabla ya kulipa hata shilingi. Anayeagiza kwanza kwa simu na kuuliza baadaye anajitafutia kesi. Hata Uingereza, ambako wakulima wamezitumia bunduki hizi kwa panya na njiwa kwa miaka mingi, mambo yamebanwa: Scotland inadai leseni kwa bunduki ya upepo tangu Desemba 31, 2016.

Kisha kuna ukubwa wa risasi. Zilizoenea ni mbili, ya milimita 4.5 na ya milimita 5.5. Ile ndogo huenda kasi na hunyooka zaidi, ndiyo maana walenga shabaha wa mashindano huipenda. Kwa panya, ya 5.5 ni bora kwa sababu uzito wake humuua mnyama papo hapo badala ya kumwacha ajeruhiwe, akafie ndani ya dari na kunuka nyumba nzima. Nguvu kubwa haihitajiki. England na Wales, bunduki isiyozidi takriban jouli 16 haidai cheti maalumu cha silaha, na nguvu hiyo inatosha kabisa kwa panya aliye mita 15 au 20. Anayetafuta nguvu zaidi ya hapo kwa ajili ya uani anatafuta hatari.

Wepesi ndio unaowadanganya wengi. Bunduki ya springi, ile inayokunjwa mtutu ili kukaza, haitaki pampu wala mtungi, na bei yake ni nafuu. Bunduki nyepesi ya aina hiyo huwa na kilo 2.5 hadi 3. Lakini springi inapofyatuka husukuma bunduki nyuma kisha mbele kwa ghafla, na bunduki ikiwa nyepesi mtikisiko huo huonekana zaidi, hivyo risasi hukosa shabaha kwa mtu asiyezoea. Kuikaza kwenyewe kunataka mkono wenye nguvu. Bunduki ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa inaweza kuwa nyepesi na tulivu, karibu haina teke, ila mtungi wake hujazwa hadi kiasi cha bar 200, wakati tairi la gari dogo hubeba bar 2 na kidogo. Pampu ya baiskeli haifiki huko. Inatakiwa pampu maalumu, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu mapema. Darubini nayo huongeza karibu nusu kilo, na springi kali huivunja ile ya bei rahisi. Kwa umbali wa uani, alama za kulengea zilizopo kwenye mtutu zinatosha.

Kipimo cha kuaminika ni kimoja. Kabla ya kumlenga panya yeyote, mpigaji aweke karatasi mbele ya gunia la mchanga, asimame mita 15, apige risasi tano. Zote zikiangukia ndani ya duara la sarafu ya shilingi 200, yuko tayari. Zisipoangukia humo, panya atajeruhiwa tu.

Nyuma ya panya lazima kuwe na kitu kinachomeza risasi: udongo, gunia la mchanga, ukuta wa matope. Zege, jiwe na bati huirudisha risasi kwa aliyeipiga au kwa mtoto aliye jirani. Kupiga juu kwenye kenchi ni kutoboa bati, na tundu la milimita 5.5 litajitangaza mvua ya kwanza itakaponyesha juu ya magunia. Kwenye banda la kuku kuna hatari ambayo haizungumzwi sana. Risasi hizi kwa kawaida ni madini ya risasi, na kuku hudonoa vitu vidogo vigumu ili kusagia chakula kwenye firigisi. Akiokota chembe hizo ananyweshwa sumu polepole. Panya aliyepigwa naye asitupiwe paka wala mbwa.

Hata mpigaji hodari anashindana na tumbo la panya. Jike wa panya shamba hubeba mimba kwa takriban siku 23 na huzaa watoto 10 hadi 12 kwa wastani. Karibu na Morogoro, miaka ya mlipuko, watafiti wamehesabu zaidi ya panya 1,000 kwenye hekta moja. Mtu anayeua watano kwa usiku, akikesha na tochi, anapunguza kidogo mno, na jirani yake asiyefanya lolote anamrudishia idadi hiyo kwa wiki. Kwa hiyo fedha iliyotengwa kwa bunduki ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua mitego na bati, na muda wa kukesha ungetumika vizuri kusafisha vichaka kabla ya kupanda.

Atakayetembea shambani asubuhi siku chache baada ya kupanda ataona kazi ya panya kwa macho yake. Mstari uliopandwa vizuri una vishimo vidogo, kimoja baada ya kingine, udongo umefukuliwa upande mmoja, na pembeni yapo maganda ya mahindi yaliyotafunwa kiini na kuachwa. Panya hufuata mstari kana kwamba amekabidhiwa kamba ya kupandia. Hatari hii hudumu tangu siku ya kupanda hadi mche uwe na majani machache, takriban wiki mbili. Baada ya hapo panya hupumzika hadi mahindi yanapokaribia kukomaa. Kwa miaka ya kawaida, hasara ya mahindi nchini Tanzania imekadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 15 ya mavuno. Katika miaka ya mlipuko, shamba zima hupandwa upya, mara nyingine zaidi ya mara moja, na mbegu ya dukani hununuliwa upya kila mara.

Mlipuko hauji bila dalili. Mwaka 1996 Herwig Leirs wa Ubelgiji na wenzake, akiwemo Mtanzania Patrick Mwanjabe, walichapisha utafiti wao wa Morogoro: vuli ikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaana mapema kuliko kawaida, na msimu unaofuata hufurika. Kwa hiyo mkulima anayefurahia vuli nzuri mwaka huu aanze kuwaza juu ya panya wa mwaka ujao, na viongozi wa kijiji wapange mitego mapema badala ya kusubiri kilio.

Kazi ya sasa, kabla ya mvua, ni hii. Vichaka vya kando ya shamba, matuta ya zamani na marundo ya mabua ndiyo makazi ya panya. Yafyekwe na kuondolewa. Jioni moja mashimo yote yazibwe kwa udongo, na asubuhi yaangaliwe: yaliyofunguliwa ndiyo yenye wenyewe, na hapo ndipo mtego uwekwe. Chambo kinachopendwa ni karanga iliyosagwa na kuchanganywa na pumba ya mahindi, na watafiti hutumia mchanganyiko uo huo. Dagaa kidogo nao hufaa kwa panya wa nyumbani. Mtego wa kubana uwekwe ubavuni mwa ukuta au kwenye njia ya panya, ukiwa umeelekea njia. Mtego uliowekwa katikati ya uwanja hukaa bure, kwa kuwa panya hupenda kutembea akigusa kitu kwa ndevu zake. Ndoo yenye maji iliyofukiwa hadi mdomoni hufanya kazi shambani bila gharama, ila ifunikwe mchana watoto wasitumbukie.

Mitego ya mtu mmoja haitoshi. Mradi wa ECORAT, uliowakutanisha watafiti na wanavijiji wa Tanzania, Namibia na Eswatini, ulijenga kazi yake juu ya utegaji wa pamoja: kaya zote za kijiji zitege kila siku, kwa wakati mmoja, bila kuachia pengo. Kitongoji chenye kaya 40, kila kaya ikiwa na mitego mitano, kinakuwa na mitego 200 kila usiku. Hiyo ndiyo nguvu ambayo bunduki moja haiwezi kuifikia. Jambo hili linafaa kupelekwa kwenye mkutano wa kitongoji wiki hii, kabla ya majembe kuanza.

Paka na mbwa nao wana kazi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Eswatini ulionyesha kwamba kaya zenye paka na mbwa pamoja zilikuwa na panya wachache wanaozurura kutafuta chakula, wakati kaya zenye mmoja tu hazikupata nafuu hiyo. Mwenye paka peke yake asishangae kuona panya bado wanapita.

Sumu iwe njia ya mwisho, na inunuliwe kwenye duka lenye kibali. Vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa barabarani vimeshaua mbwa, kuku na watu. Sumu ya zinki fosfaidi hugeuka gesi tumboni mwa panya na haina dawa maalumu ya kuizuia kwa binadamu aliyeila, kwa hiyo isishikwe kwa mkono mtupu wala isichanganywe jikoni. Panya aliyeonja kidogo akaugua hataila tena. Kwa sababu hiyo awekewe pumba tupu kwa siku mbili tatu, akizoea ndipo sumu iingie. Iwekwe ndani ya kipande cha mianzi au mtungi uliovunjika, ili kuku na mvua visiifikie. Mtwara na Lindi, ambako panya wa shambani ni kitoweo kinachopendwa, shamba lililowekwa sumu litangazwe kwa majirani wote, na panya wa huko wasiliwe kamwe.

Panya aliyekufa, kwa mtego, sumu au risasi, bado ana hatari. Viroboto humwacha mara anapopoa na kutafuta mwili mwingine. Viroboto hao ndio wanaoeneza tauni, ugonjwa ulioisumbua Wilaya ya Lushoto tangu 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Mkojo wa panya nao hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotangazwa na Wizara ya Afya ya Tanzania Julai 2022 baada ya watu 3 kufariki kati ya 20 waliougua huko Lindi. Mzoga umwagiwe maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, ushikwe kwa mfuko wa plastiki uliogeuzwa juu ya mkono, ufukiwe shimo refu. Mtoto asitumwe kazi hiyo.

Kuhusu ghala, kihenge kinachosimama kwa nguzo za mita moja, kila nguzo ikivikwa koni ya bati, humzuia panya hata akiwa na njaa ya kiangazi. Tundu lolote la kupitisha kidole gumba lizibwe kwa saruji na wavu wa chuma. Mifuko isiyopitisha hewa ni kinga nzuri ya dumuzi, lakini panya huitoboa kwa usiku mmoja, na ikishatoboka dumuzi nao huingia. Iwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta kwa hatua moja, ili mtu aweze kupita nyuma yake na kuona kinyesi kipya.

Siku ya kupanda majirani wakubaliane wapande kwa wiki ileile, kwa kuwa shamba linalotangulia peke yake hulisha panya wa bonde zima. Mbegu ifukiwe sentimita tano na udongo ushindiliwe kwa mguu. Kuanzia usiku wa kwanza mitego ikae kwenye kingo za shamba kwa siku 14, ikaguliwe kila alfajiri kabla mwewe na mbwa hawajaifikia, na pale kishimo kitakapoonekana mbegu irudishiwe siku hiyohiyo, kabla mahindi ya jirani hayajaitangulia kwa urefu.